Siri Yenye Kheri: Kazi ya Kusuluhisha Watu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Lamu, Malindi na miji mingine ya pwani, kama mjuavyo, sisi wenzenu tuliokuja Nairobi kutafuta riziki twakutana kila wiki baada ya sala ya Isha katika mtaa wa Westlands, tukasoma pamoja tafsiri ya Qur'ani na Hadithi za Mtume, na yale tuyaonayo kuwa yatafaa twayaandika na kuyatuma kwenu. Safari hii twaandika kwa sababu ya swali moja lililotuzuia katika darsa hata tukachelewa kurudi majumbani.

Usiku huo ilisomwa dua kwa ajili ya ndugu zetu wa Palestina. Nyote mwajua yaliyopita huko tangu Oktoba 2023: watu kiasi cha 1,200 waliuawa upande wa Israeli kwa siku moja, na baada yake wakauawa Wapalestina wa Gaza kwa makumi ya maelfu, wengi wao wanawake na watoto, na miji yao ikawa vifusi. Dua ilipokwisha, kijana mmoja akasema: "Masheikh, twaomba dua na twachanga pesa, na yote mawili ni mema. Lakini nimesoma ya kwamba wako Wapalestina na Waisraeli waliokuwa wakikutana kwa siri kutafuta sulhu, nao si mawaziri wala mabalozi. Je, kukaa na adui si udhalili? Na mtu asiye na cheo, ana nini cha kusuluhisha?" Mzee mmoja akamjibu kwa upole: "Mwanangu, hayo ni mambo ya wakubwa. Sisi yatuhusu nini?"

Basi darsa ikagawanyika pande mbili. Wengine walimwafiki kijana, wengine walimwafiki mzee. Nasi baada ya kurejea katika vitabu na kuyatazama yaliyotokea katika nchi yetu hii, twaona yatupasa kuwajibu wote wawili.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 114, Mwenyezi Mungu ametufundisha jambo ambalo wengi wetu twalipita bila ya kulizingatia. Ametueleza kwamba mengi katika mazungumzo ya siri ya watu hayana kheri ndani yake. Kisha akatoa mambo matatu katika hukumu hiyo: siri ya mwenye kuamrisha sadaka, siri ya mwenye kuamrisha mema, na siri ya mwenye kupatanisha baina ya watu. Mazungumzo ya siri kwa Kiarabu huitwa najwa. Asili ya najwa ni shari, kwani aghlabu ni usengenyaji na vitimbi. Lakini mtu akijitenga na mwenziwe, wakanong'onezana ili kuuzima moto baina ya watu wawili, basi siri hiyo imekuwa ibada, na mwenye kuifanya kwa kutaka radhi za Mola wake ameahidiwa ujira mkubwa. Tazama tena: aya haikumtaja waziri, wala liwali, wala kadhi. Imemtaja yeyote afanyaye kazi hiyo.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni maneno ya vitabuni, mfano wake uko wapi?" Mfano wake uko karibu, tena ni wa mwanamke Mwislamu wa Kenya aliyewahi kukaa pamoja nanyi Mombasa. Jina lake ni Dekha Ibrahim Abdi.

Bibi huyu alizaliwa Wajir mwaka 1964. Mwenye kuijua historia ya nchi aijua maana ya kuzaliwa Wajir katika mwaka ule. Jimbo lote la kaskazini liliwekwa chini ya sheria ya hali ya hatari wakati wa vita vya shifta, na sheria hiyo haikuondolewa ila mwaka 1991. Baada ya hapo, badala ya raha, ukaja ukame mkali, mifugo ikafa, wakimbizi na silaha zikamiminika kutoka Somalia iliyokuwa imevunjika, na uchaguzi wa mwaka 1992 ukazidisha ugomvi. Koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zikaingiana kwa bunduki. Watu wakafa kwa mamia, na ng'ombe na ngamia wakaporwa bila ya hesabu. Wote hao ni Waislamu, kibla chao kimoja na Kitabu chao kimoja.

Yeye mwenyewe alikuwa akieleza kisa cha usiku mmoja wa mwaka 1992. Risasi zililia mjini, naye akamchukua binti yake mdogo wakajificha chini ya kitanda mpaka kukapambazuka. Asubuhi alipomhadithia mama yake, mama akamwambia kwamba naye, katika vita vya miaka ya sitini, alimficha yeye Dekha chini ya kitanda vivyo hivyo. Basi akawaza: je, na binti yangu atakapokuwa mama, naye atamficha mtoto wake chini ya kitanda? Ndugu zetu, hapo ndipo kazi ilipoanza. Haikuanza katika ofisi wala katika mkutano wa viongozi. Ilianza kwa mama mmoja aliyekataa kumrithisha mwanawe khofu aliyorithishwa yeye.

Wanawake wachache, ambao ni wa koo zilizokuwa zikipigana, walikutana katika harusi. Harusi ni mahali ambapo wanawake hukaa na kuzungumza bila ya mtu kuwashuku. Wakaulizana la kufanya. Hawakuwa na bunduki, wala mamlaka, wala pesa. Lakini walikuwa na kitu kimoja kilicho mikononi mwao, nacho ni soko. Wakati huo chuki ilikuwa imefika hata sokoni: mwanamke wa ukoo huu hauziwi maziwa na mwanamke wa ukoo ule, na wengine walikuwa wakifukuzwa na kupigwa. Wakaazimia kwamba soko litakuwa la wote, mwenye kutaka kuuza auze na mwenye kutaka kununua anunue, na wakachagua wenzao wa kulichunga. Kukitokea ugomvi, hao huwahi kuutatua kabla haujafika majumbani kwa wanaume wenye silaha.

Msidharau jambo hili. Mwanamke akirudi nyumbani amekosa maziwa ya mtoto kwa sababu ya ukoo wake, mumewe husikia na ndugu zake husikia, na jioni hiyo bunduki hutolewa. Na akirudi na maziwa aliyouziwa na mwanamke wa upande wa pili, basi khabari anazoleta ni nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao waliuziba ufa pale ulipoanzia.

Soko lilipotulia, ilibakia kazi ya wazee, kwani wazee ndio wenye kauli katika vita na diya. Hapa pia pana mafundisho. Wazee wa koo kubwa kila mmoja alimshuku mwenziwe, na lau mmoja wao angaliita mkutano wengine wangalikataa kuhudhuria. Ndipo wakawaendea wazee wa ukoo mdogo, usio na nguvu ya kumtisha mtu wala shabaha ya kutawala, wakawaomba wao ndio wawaite wakubwa. Unyonge wao ukawa ndio amana yao. Mwezi wa Septemba 1993 wazee wa koo wakaafikiana juu ya Azimio la Al Fatah, lililoweka njia ya kurudisha amani. Vijana wakaingia kazini, na maulamaa, na wafanyabiashara, na maofisa wa serikali. Mwaka 1995 juhudi hizo zote zikaunganishwa katika kamati moja ya amani na maendeleo ya wilaya, na mfano huo ukafuatwa na sehemu nyingine za Kenya.

Sasa tumrudie kijana wetu na swali lake la Palestina, kwani katika mwezi ule ule wa Septemba 1993 palitiwa sahihi karatasi nyingine, ambayo dunia nzima iliijua. Tangu Januari ya mwaka huo, walimu wawili wa chuo kikuu kutoka Israeli, Yair Hirschfeld na Ron Pundak, walikuwa wakikutana kwa siri nchini Norwe na Ahmed Qurei, ajulikanaye kwa jina la Abu Alaa, wa Chama cha Ukombozi wa Palestina. Wanorwe waliwapa nyumba, chakula na faragha. Mikutano ya raia iligeuka kuwa mikutano ya serikali, na tarehe 13 Septemba Yasser Arafat na Yitzhak Rabin wakapeana mikono Washington mbele ya ulimwengu.

Basi najwa ile ilifungua mlango ambao mabalozi walishindwa kuufungua. Hilo ni kweli na haifai kulikanusha. Lakini mlango ulifunguliwa na nyumba haikujengwa. Mambo yaliyo magumu, yaani Baitul Muqaddas, wakimbizi, mipaka na makaazi ya walowezi, yote yaliwekwa kando yazungumzwe baadaye. Huku yakingojewa, walowezi waliendelea kuongezeka juu ya ardhi ya Wapalestina. Mwezi wa Februari 1994, ndani ya Ramadhani, mlowezi mmoja aliingia katika Msikiti wa Ibrahim huko Al-Khalil akawaua watu 29 wakiwa katika sala ya alfajiri. Wapalestina wa vyama vilivyoipinga karatasi ile wakalipua mabasi ya raia wa Israeli. Na Novemba 1995 Rabin naye akauawa, akauawa na Myahudi mwenziwe aliyeichukia sulhu.

Hatusemi kwamba Wajir na Palestina ni hali moja. Wajir walipigana majirani waliokaribiana nguvu. Palestina mmoja ni mwenye dola na jeshi, na mwingine yu chini ya utawala wake. Wala hatusemi kwamba Wajir pamepona kabisa, kwani Oktoba 1998 watu wengi waliuawa katika shambulio la Bagalla, na mapigano mengine yametokea baadaye. Tunachosema ni hiki: karatasi ya Wajir ilitanguliwa na soko. Watu wa kawaida walikuwa wamekwisha kuanza kuishi ile sulhu kabla wazee hawajaitamka, kwa hivyo ilikuwa na wenyewe wa kuilinda. Karatasi ya Oslo iliandikwa mbali, na mtu wa Gaza au Al-Khalil alipotoka nje asubuhi aliona kizuizi kile kile cha askari njiani na nyumba mpya ya mlowezi mlimani. Sulhu ambayo mnyonge haioni katika riziki yake na ardhi yake haina mlinzi.

Na hapa yafaa tumwondolee kijana wetu shaka yake ya udhalili. Kukaa na hasimu si udhalili, bali udhalili ni kuiacha haki mezani ukaondoka. Katika Suratul Hujurat, aya ya 9, tumeamrishwa tuyapatanishe makundi mawili ya waumini yakipigana. Na ikiwa kundi moja limedhulumu, likabiliwe mpaka lirejee katika amri ya Mungu, kisha ndipo lipatanishwe na jingine kwa uadilifu. Ijapokuwa aya hiyo imeteremka juu ya waumini kwa waumini, uadilifu umeamrishwa hata kwa mtu tunayemchukia, kama ilivyokuja katika Suratul Maida, aya ya 8. Kwa hivyo sulhu ya Kiislamu si kumwambia aliyepigwa anyamaze ili jirani walale. Hiyo ni kufunga kidonda chenye usaha kwa kitambaa cheupe.

Tena tumkumbuke Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, siku ya Hudaybiya katika mwaka wa 6 wa Hijra. Suhayl bin Amr, mjumbe wa makafiri wa Makka, alikataa jina la Mtume liandikwe pamoja na cheo chake cha utume, naye Mtume akaridhia pafutwe na paandikwe jina lake na la baba yake tu. Masahaba wakubwa walihuzunika, wakaona ni udhalili. Mwenyezi Mungu akateremsha Suratul Fat-h, akaiita sulhu hiyo ushindi ulio wazi. Aliyeacha cheo chake karatasini hakupungukiwa na kitu mbele ya Mola wake, na watu waliingia katika dini makundi kwa makundi.

Wako watakaosema: "Haya, lakini huyo Dekha ni mwanamke, na sulhu ni kazi ya wanaume." Wenye kusema hivyo warudi pale pale Hudaybiya. Mtume aliwaamuru masahaba wachinje na wanyoe, akakariri mara tatu, na hakuna aliyesimama kwa huzuni iliyowashika. Akaingia hemani kwa Ummu Salama. Bibi huyo akamshauri atoke asimsemeshe mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Mtume akaifuata shauri hiyo, na masahaba walipomwona wakasimama wote wakafanya kama alivyofanya. Shauri ya mwanamke mmoja iliuokoa umma siku hiyo na uasi. Mtume aliikubali, sisi ni nani hata tuidharau?

Sasa twende kwenye jambo lililotokea hapa hapa Nairobi, kwani ndilo linalotujibia ile kauli ya mzee wetu, kwamba hayo ni mambo ya wakubwa.

Mwaka 2007 Dekha Ibrahim alikuwa amepewa huko Uswidi tuzo ya Right Livelihood kwa kazi yake ya kuleta amani. Kabla mwaka huo haujamalizika, nchi yake mwenyewe ikawaka moto. Tarehe 30 Disemba matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa, mitaa ya Nairobi, Kisumu, Eldoret na Mombasa ikaingia ghasia. Katika majuma yaliyofuata waliuawa watu zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu wakakimbia majumba yao. Wakubwa walikuwapo, lakini wakubwa hawakuwa wakisemezana.

Ndipo watu watano wakakutana katika hoteli ya Serena, kati ya mji, mahali ambapo sisi wa Westlands twapapita kila tushukapo mjini. Walikuwa ni Dekha Ibrahim. Balozi Bethuel Kiplagat, aliyewahi kusimamia mazungumzo ya amani ya Somalia. Jenerali Daniel Opande, aliyeongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa katika Sierra Leone na Liberia. Jenerali Lazaro Sumbeiywo, msuluhishi wa Sudan iliyotia sahihi amani yake Januari 2005. Na George Wachira, mtu wa kazi za amani. Hao wanaume watatu wa kwanza walikuwa wamestaafu, vyeo wamekwisha kuvirudisha. Wakajiita Raia Wenye Kujali Amani, au maana ya karibu na hiyo, na kila asubuhi wakafungua mlango, mwenye fikira aje, mwenye khabari aje, wa upande huu aje na wa upande ule aje. Wenye vyombo vya khabari wakaombwa wachunge ndimi zao. Wazee wakatumwa kwa siri kwa viongozi wa pande zote mbili, kila mmoja kwa yule anayemjua. Hiyo ndiyo najwa tuliyoitaja mwanzo.

Alipofika Kofi Annan tarehe 22 Januari 2008, pamoja na Bibi Graça Machel na Mzee Benjamin Mkapa wa Tanzania, hawakukuta jangwa. Walikuta njia imekwisha kufyekwa kidogo na raia. Tarehe 28 Februari, Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia sahihi mapatano. Sifa zilikwenda kwa wakubwa, na walistahili sehemu yao. Lakini kheri ya siri, mwenye kuijua hesabu yake ni Mwenyezi Mungu.

Tuzingatie jambo moja zaidi katika kisa hiki. Mtu wa Wajir alikuwa na hoja ya kuiacha Nairobi iungue. Mwezi wa Februari 1984 mamia ya wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari wa serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa juani bila ya maji, wakauawa. Nairobi wakati huo ilinyamaza. Lau Dekha angalisema, "Walituacha, nasi tuwaache," nani angalimlaumu? Hakusema hivyo. Aliifanya Nairobi kuwa jirani, na akafanya kwa mji mkuu kile ambacho mji mkuu haukufanya kwa Wajir. Huu ndio msamaha wa mwenye nguvu ya nafsi, nao haukuzuia watu wa Wajir kuendelea kudai haki ya waliouawa.

Ndugu zetu, mpaka hapa huenda mmefurahi kusoma, kwa kuwa twazungumza ya Wajir, Palestina na Nairobi. Sasa yatupasa tuzungumze ya nyumbani, na hapa furaha itapungua.

Pwani kwetu tuna methali tunayoipenda: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii ina hekima ya kutuzuia tusichochee ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Lakini tumeigeuza kuwa fatwa ya uvivu. Ndugu wawili wanashitakiana kortini mwaka wa kumi kwa ajili ya nyumba ya mirathi, hata thamani ya nyumba imeliwa na mawakili, nasi tumo shambani na majembe yetu twalima. Msikiti una kamati mbili, na makufuli mawili mlangoni, nasi twalima. Watu wa mtaa mmoja wanafunga na kufungua siku mbali mbali kwa khitilafu ya mwezi, na badala ya kuvumiliana wanaitana majina, nasi twalima. Tutavuna nini?

Wala hatusemi haya kama watu waliosalimika. Miaka michache iliyopita, katika msikiti mmoja wa pwani ambao hatuutaji, tulikhitilafiana na wenzetu juu ya maulidi. Tulisema tunayoyaona kuwa ni haki, na hata leo rai yetu haijabadilika. Lakini upande wa pili alikuwako mzee mmoja ambaye wengi wetu ndiye aliyetusomesha alifu na be chuoni, akitushika vidole juu ya ubao. Tulipokhitilafiana naye tuliacha kwenda kwake. Tukawa tukimwona njiani twajifanya tunazungumza na simu. Akaugua. Mmoja wetu akasema, "Twendeni tukamzuru." Wengine tukasema, "Idi imekaribia, tutakwenda Idi." Idi haikumkuta. Tulikwenda mazikoni, na wanawe wakatupokea kwa heshima, wakatuita kaka zao kama zamani. Tulitamani watutukane.

Mtume amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na akatufunza kwamba mbora wa wawili hao ni yule atanguliaye kwa salamu. Hadithi hiyo twaijua kwa moyo, tena tumeisomesha. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dardaa, Mtume alieleza kwamba kupatanisha watu kuna daraja kubwa kuliko saumu na sala na sadaka za sunna, na kwamba kuharibika kwa yaliyo baina ya watu ni wembe, unaonyoa dini wala haunyoi nywele. Tulikuwa tukiitetea dini kwa hoja, huku tumeushika wembe mkononi.

Baada ya usiku ule wa swali, wawili katika sisi walishuka Mombasa wakaenda kwa wanawe yule mzee. Hawakuzungumza juu ya maulidi. Walikunywa kahawa, wakaomba msamaha kwa siku zile za ugonjwa, wakamwombea marehemu. Khitilafu ya rai iko pale pale. Lakini salamu imerudi, na watoto wao na watoto wetu wamealikana.

Basi twawausia na kujiusia nafsi zetu mambo manne. Kwanza, kila mtu aanze na ugomvi ulio karibu naye, uliopo ndani ya uwezo wake, kama wale wanawake walivyoanza na soko. Pili, tusimngoje kadhi wala mbunge wala mkuu wa wilaya. Tutafute watu wawili wanaoaminika, mmoja kila upande, kama tulivyofundishwa katika Suratun Nisaa, aya ya 35, juu ya mume na mke waliofarikiana. Tatu, tumwulize mnyonge katika ugomvi amepungukiwa na nini, wala tusimwite mtu kwenye sulhu ili tu tumnyamazishe. Nne, tuwashirikishe mama zetu na dada zetu, kwani wao huziona cheche kabla sisi hatujauona moto.

Na juu ya Palestina, dua na michango viendelee, na kusema dhuluma kuwa ni dhuluma kuendelee. Lakini tujue kwamba huko pia, tangu mwaka 1995, iko jumuiya ya wafiwa wa pande zote mbili, Wapalestina na Waisraeli waliopoteza wana na wazazi, wanaokaa pamoja ili asizikwe mwingine. Tusiwacheke watu kama hao wala tusiwaite wasaliti kwa kukaa kwao tu. Tuwapime kwa kipimo cha aya: je, siri yao ni ya kupatanisha kwa uadilifu, au ni ya kuifunika dhuluma? Ikiwa ni ya kwanza, hiyo ni kheri, ijapokuwa haijaonyesha matunda. Kupatanisha ni amri juu yetu. Kupatana ni tawfiki ya Mwenyezi Mungu.

Dekha Ibrahim Abdi alifariki mwezi wa Julai 2011, kwa ajali ya gari iliyotokea walipokuwa safarini kwenda Garissa. Mumewe naye alifariki katika ajali hiyo. Alikufa akiwa katika njia ya kazi yake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, amrehemu mwalimu wetu ambaye hatukumzuru, awarehemu waliouawa Wagalla na Gaza na kila mahali walipouawa kwa dhuluma, na atujaalie sisi na ninyi kuwa wenye kuziba nyufa kabla hazijawa kuta.

Na msomaji utakapoiweka karatasi hii chini, ukumbuke mtu mmoja ambaye hujamsalimia kwa muda mrefu. Uende kwake kabla ya Idi.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.